Kumpima Mtoto Akingali Karafuu Mbichi

(Hotuba kwa walimu wa michezo na wazazi kuhusu kutafuta watoto wa kucheza besiboli, Chake Chake, Pemba)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Walimu wenzangu, wazee wangu mliokuja na watoto wenu, na nyinyi vijana mliojazana madirishani wakati viti vipo, ahsanteni kwa kuitika. Nimepewa nusu saa ya maneno kisha tutoke kiwanjani kabla ya alasiri. Nitajitahidi. Wanaonijua wanajua kwamba saa pekee ninayoiheshimu ni hii iliyoning'inia shingoni.

Nianze na marehemu baba. Msimu wa karafuu ukifika alikuwa akitia mkono ndani ya polo la karafuu mbichi, akizigeuza, akizinusa, kisha anasema hizi zitatoa kilo kadhaa. Zikishaanuliwa jamvini, tukizipima, hakuwa mbali. Kila aliyekulia Pemba anajua kwamba karafuu ikikauka hupoteza takriban thuluthi mbili za uzito wake. Kilo tatu za mtini ni kilo moja ya jamvini. Lakini mzee hakuwa akigawa kwa tatu tu. Alikuwa akitazama kama zimechumwa mapema mno, kama zimenyeshewa, kama vichwa vimeanza kufumbua. Tukizipeleka kituoni, karani anaziweka kwenye mizani, anaangalia ukavu na uchafu, anaandika daraja la kwanza, la pili au la tatu. Karani anafanya kazi ya haki, na bila yeye tungepunjana. Ila anapima kitu kilichokwisha kuwa. Mzee alikuwa akipima kitakachokuwa.

Sisi tunaotafuta watoto wa kucheza besiboli tumeshika mizani ya karani, na kazi iliyo mbele yetu ni ya mzee. Humo ndimo tunamokosea, na mimi wa kwanza.

Kwa waliokuja leo kusindikiza tu, niueleze mchezo kwa ufupi. Besiboli inafanana na kriketi kwa mbali: yuko anayerusha, yuko anayepiga kwa gongo, na wako wanaolinda. Mpigaji akishapiga hukimbilia kituo kiitwacho besi ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, akarudi nyumbani alikoanzia. Besi hizo zinafanya mraba ambao kila upande, kwa watu wazima, una mita 27.43. Kwa watoto hadi miaka 12, ligi ya watoto ya Marekani hutumia mita 18.29, na nawaomba sana tufuate hiyo, tusiwaweke watoto wa darasa la tano katika kiwanja cha baba zao. Walinzi wa ndani ni wanne: wa besi ya kwanza, wa pili, wa tatu, na yule anayesimama baina ya ya pili na ya tatu ambaye hana besi yake. Huyo ndiye shotistopu. Wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia, na mipira yao ya kutambaa huelekea zaidi upande wake, kwa hivyo kazi nyingi ni yake.

Bara, mchezo huu umeingia maskulini kwa msaada mkubwa wa Wajapani, hata mashindano ya Dar es Salaam yakapewa jina la Koshien, uwanja wa Japani uliofunguliwa 1924 ambako wanafunzi wa sekondari wa nchi nzima hushindana kila mwaka. Sisi hapa bado tunaokota mawe kiwanjani. Hakuna aibu. Ila mawe yaokotwe kwanza, ndipo mtoto apimwe, maana mpira uliogonga jiwe haumpimi mtoto.

Huko Marekani kuna watu wanaolipwa kuzunguka viwanja vya maskuli na vijijini kutafuta vipaji. Wanaitwa maskauti. Si wale wetu wenye skafu shingoni wanaopita kwa gwaride siku za sherehe, ni wengine. Kipimo chao kinaanzia 20 na kuishia 80, na 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Msiniulize kwa nini hakianzii sifuri. Kila mchezaji wa uwanjani hupimwa mambo matano: kupiga mara kwa mara, kupiga mbali, mbio, ulinzi na kurusha.

Kilichonifanya nikipende kipimo hicho ni kwamba kila jambo huandikiwa namba mbili. Moja ya leo, moja ya atakapokomaa. Kijana wa miaka 16 anaweza kuandikwa mkono 40 leo na 55 baadaye. Namba ya kwanza ni ya karani. Ya pili ndiyo ya mzee, na ndiyo inayomfanya skauti akate tiketi ya ndege. Leo nataka tuizungumze hiyo ya pili, lakini hatuifikii bila ya ile ya kwanza, kwa hivyo nivumilieni na hesabu kidogo. Mwalimu wa hesabu pale nyuma ameshaanza kutabasamu.

Mpigaji wa mkono wa kulia, wa wastani katika ligi kuu, hufika besi ya kwanza kwa sekunde 4.3 tangu gongo liguse mpira. Wa kushoto ni 4.2, kwa sababu husimama upande ulio karibu zaidi na besi hiyo. Basi mlinzi wa ndani ana sekunde nne na ushei za kufanya kila kitu: auone mpira, aufuate, auokote, autoe kwenye glavu, aurushe, na mpira ufike kabla ya mguu wa mwenzake. Kutoka besi ya tatu mpaka ya kwanza, kukata katikati ya mraba, ni mita 38.8.

Sasa tuchukue kijana anayerusha kilomita 100 kwa saa na mwenzake wa kilomita 120. Tuuache upepo, tuache na ule mwendo ambao mpira hupoteza njiani. Mpira wa kwanza utachukua sekunde 1.4 kukata mraba, wa pili karibu sekunde 1.16. Tofauti yao ni robo ya sekunde. Tukiwaona wawili hao wakirusha, sote tutamchukua wa 120, tena kwa makofi. Lakini iangalieni mikono yao kabla ya kurusha. Kuutoa mpira kwenye glavu na kuushika barabara kwa mkono wa kurushia, mmoja anaweza kutumia robo sekunde zaidi ya mwenzake, na hakuna anayempigia makofi aliyewahi. Robo sekunde ni robo sekunde, iwe ya bega au ya vidole. Mkimbiaji anayefukuzwa na mpira ule hula humo karibu mita moja na robo tatu, na besi nyingi hukosewa au kupatikana kwa chini ya hapo.

Tena kilomita 20 za bega humpi mtoto kwa mwezi, pengine humpi kabisa; atapewa na Mungu akikua. Robo sekunde ya vidole mara nyingi unaweza kumpa, kwa mpira wa tenisi na ukuta wa skuli. Ndiyo maana katika daftari langu chini ya neno "kurusha" kuna mistari miwili: kasi ya mpira, na muda tangu mpira uingie glavuni mpaka uondoke mkononi. Aliye dhaifu katika mstari wa kwanza na hodari katika wa pili, huyo simwachi.

Mtasema hatuna mashine ya kupimia kasi. Simu mnazo. Simu ya kawaida inapiga picha 30 kwa sekunde ikirikodi video, na nyingi sasa zinafika 60 au zaidi. Mpime mtoto akirusha mita 18, irikodini kwa ubavu, kisha muihesabu picha moja moja tangu mpira uache mkono mpaka ufike. Zikiwa picha 24 za simu ya 30, hiyo ni sekunde 0.8, mita 18 gawa kwa 0.8 ni mita 22.5 kwa sekunde, yaani kilomita 81 kwa saa. Hesabu ya darasani hiyo. Video ile ile itakupa na muda wa glavu, na ukiiweka vizuri itakuonesha mtoto amekamata mpira kwa mishono au kwa bahati.

Saa ya kubonyeza kwa kidole nayo ina mambo yake. Kidole cha mwanadamu huchelewa kuanza, na huwahi kusimamisha kwa sababu jicho linamwona mkimbiaji anakuja. Katika riadha, mita 100 iliyopimwa kwa mkono huongezewa sekunde 0.24 ili ilingane na ya mtambo. Robo sekunde ile ile tena! Riadha wana kanuni nzuri: saa zikiwa tatu, chukua ya katikati, zikiwa mbili na zinatofautiana, chukua iliyo refu. Basi wapimaji wawe watatu. Na baba wa mtoto asishike saa.

Sasa nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma niliwaita vijana wapatao thalathini kwa majaribio. Nikawakimbiza mita 55, ambazo ni zile yadi 60 za maskauti. Huko kwao kijana akienda chini ya sekunde 7 huanza kuandikwa jina. Sikuwatarajia wangu kufika huko, nilitaka tu safu, wa mwanzo mpaka wa mwisho. Kijana mmoja wa Kojani akawa wa mwisho au wa kabla ya mwisho. Mfupi, miguu mitupu, suruali ya skuli kaikunja. Nikampigia mstari. Hakuondoka, kwa sababu chombo chake cha kurudi kilikuwa cha jioni. Akakaa nyuma ya wenzake akiwaokotea mipira iliyowapita.

Usiku nikakaa na simu nikihesabu picha za kijana mwingine niliyempenda kwa mbio zake. Kila mpira uliompita huyo hodari wangu, nyuma yake alikuwapo yule mtoto wa Kojani, amekwisha kufika, anausubiri. Nikarudisha nyuma. Gongo linagusa mpira, na yeye mguu umeshanyanyuka, tena upande ule ule unaokwenda mpira. Nikarudisha tena nikidhani nimeona vibaya. Mtoto aliyekuwa wa mwisho kwa mita 55 alikuwa wa kwanza kwa mita tatu, na shotistopu maisha yake yamo ndani ya mita hizo tatu.

Wiki ile ile nilivuka kwenda Kojani kumtafuta. Nikaambiwa ameshakwenda dago, kambi ya wavuvi, na ami zake, na nyinyi mnajua mtu wa Kojani akienda dago haendi kwa siku mbili. Aliporudi nilimkuta pwani. Sauti imekuwa nzito, mkono umerefuka, na hamu ya mchezo wangu imekwisha. Nikamuuliza siku ile ulikuwa ukiangalia nini. Akaniambia, "Kiuno cha mpigaji, maalim. Mpira huenda kinakoelekea." Hakuna aliyemfundisha. Na mwenye saa shingoni nilikuwa mimi.

Tangu hapo nikimtazama mlinzi wa ndani siuangalii mpira mwanzo. Naangalia miguu yake wakati mrushaji anarusha. Mlinzi mzuri hasimami kama mlingoti. Mpira ukiwa njiani kwenda kwa mpigaji, yeye huingia hatua mbili ndogo mbele, kisha hufanya kijiruko kisichozidi unene wa kandambili, akatua kwa mbele ya nyayo, miguu yote miwili, wakati ule ule gongo linapopita. Akitua hivyo anaweza kwenda kokote. Aliyesimama na visigino chini lazima kwanza ajinyanyue, na hapo mpira umeshapita. Aliyewahi kuwa kipa anakijua kijiruko hiki hata kama hajawahi kukisikia kikitajwa. Ndiyo maana nikifika skuli mpya siulizi nani anakimbia sana. Nauliza makipa wa timu ya mpira ni kina nani, wa kwanza na wa akiba. Kipa ana jicho, hajali kuchubuka goti, na amezoea kulaumiwa.

Kwenye besi ya tatu mambo ni makali zaidi. Mpira uliopigwa kwa kilomita 130 kwa saa unamfikia mlinzi aliyesimama mita 27 kwa chini ya sekunde 0.8. Wamarekani huita pale kona ya moto. Huko sipeleki mtoto mwoga, hata awe na mkono wa chuma, mpaka woga umtoke kwa mipira laini.

Mikono ya kudakia naipima hivi. Kwa sababu viwanja vyetu havijasawazishwa, mpira siupigi kwa gongo, nauviringisha kwa mkono kutoka mita 12 hivi ili kila mtoto apate mpira unaofanana na wa mwenzake. Mipira ishirini: mitano ya usoni, mitano kulia, mitano kushoto, mitano ya polepole ambayo lazima aifuate mbele. Ulioingia safi una alama yake, uliomgonga ukaanguka akauwahi una yake, uliompita una yake. Kisha tunarudia bila glavu, kwa mpira wa tenisi. Glavu nzuri huficha mikono mibaya, na bila glavu utamwona mara moja yule ambaye mikono yake haigombani na mpira: inarudi nyuma kidogo kuupokea, kama anayetupiwa yai. Lakini ile mitano ya polepole ndiyo huniambia mengi. Kuna watoto husubiri mpira uwafikie, na kuna wanaoujia. Anayeujia huchagua mwenyewe mdundo wa kudakia. Anayesubiri huchaguliwa na mpira, na mpira haumtakii heri.

Kuna hesabu moja ya zamani ambayo itakupendeza ukiiona karatasini, nami nakuonya nayo. Unachukua mipira mlinzi aliyoifanyia kazi sawasawa, unaigawa kwa jumla ya hiyo na makosa yake. Akipata 98 kwa 100, makofi. Lakini asiyeufikia mpira hakosi. Mzito aliyesimama kama kigingi cha ng'ombe anaweza kumaliza msimu bila kosa, kwa sababu kila mpira uliomshinda umeandikwa sifa ya mpigaji. Mmarekani mmoja mpenda hesabu, Bill James, miaka ya 1970 alianza kuhesabu kwa njia nyingine: mlinzi amegeuza mipira mingapi kuwa auti, yaani mpinzani akatolewa, kwa kila mchezo? Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vimewekwa mitambo ya Statcast inayomfuata mpira na mchezaji, na sasa mlinzi huhesabiwa kwa ugumu wa kila mpira, alikuwa mbali nao kiasi gani na alikuwa na muda kiasi gani.

Mitambo hiyo hatuna, chokaa tunayo. Nachora mistari kulia na kushoto kwa mtoto: mita mbili, tatu, nne. Mpira ukiviringishwa naandika ameufikia mstari gani, hata kama umemponyoka. Aliyeugusa mpira wa mita nne ukamtoka nampa zaidi ya aliyedaka ishirini ya miguuni pake. Kumfundisha wa kwanza kushika ni kazi ya miezi. Kumfundisha wa pili kufika, sijui nianzie wapi.

Na ulinzi peke yake ni riziki, msidhani ni kazi ya msaidizi. Ozzie Smith, shotistopu wa St. Louis, alipewa tuzo ya Glavu ya Dhahabu miaka 13 mfululizo, 1980 hadi 1992, na 2002 akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Katika misimu 19 alipiga homurani, ile mipira inayopigwa mpaka nje ya uwanja, 28 tu. Kuna wapigaji wanaozipata 28 kabla msimu mmoja haujafika theluthi mbili.

Nije kwenye namba ya pili, ya mzee. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, na wapo wanaoongeza sentimita tisa au kumi kwa mwaka mmoja. Mwaka huo mtoto huwa kama amevaa mwili wa kuazima. Anajikwaa, anapitwa na mipira aliyokuwa akiidaka macho yamefumbwa, na mwalimu anasema kipaji kimekwisha. Msimkate mwaka huo. Muandikieni namba zake na mungoje. Na wawili wa darasa moja, mmoja wa Januari na mwenzake wa Disemba, wamepishana karibu mwaka mzima. Tukiwapanga mstari mmoja tukamchagua mkubwa, tumechagua tarehe.

José Altuve wa Venezuela alikwenda kwenye majaribio ya timu ya Houston ya Marekani akiwa kijana, akaambiwa ni mfupi mno, rudi nyumbani. Kesho yake akarudi na cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Wakamsajili 2007 kwa dola 15,000, pesa ndogo kwa biashara ile. Ana sentimita kama 168, na amecheza besi ya pili mpaka 2017 akawa mchezaji bora wa ligi yake. Ni kweli timu ile baadaye ilikuja kukutwa na kosa la kuiba ishara za siri za wapinzani katika msimu huo huo wa 2017, na siwezi kuwaficha. Lakini wapimaji walioangalia kimo chake siku ya kwanza hawakujua lolote la ishara. Walikuwa na futi kamba tu.

Na yuko wa bara letu. Gift Ngoepe alikulia Randburg, Afrika ya Kusini, ndani ya chumba kidogo cha klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa akifanya kazi. Pittsburgh walimsajili 2008. Gongo lake halikuwa la kutisha, na waliomuandika walilijua hilo. Glavu ndiyo iliyomweka. Akahangaika katika ligi za chini karibu miaka tisa, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu, mlinzi wa ndani, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Chicago, akafika besi. Nikiwaza habari yake siwazi ile siku ya Aprili. Nawaza yule aliyeandika karatasi 2008, akaweka namba ndogo ya gongo na namba kubwa ya ulinzi, na akathubutu kutia saini chini yake.

Mengine niyapitie haraka. Mtoto wa mashoto asifukuzwe; kweli, besi ya pili, ya tatu na shotistopu hukaliwa na wa mkono wa kulia kwa sababu ya kurushia besi ya kwanza, lakini besi ya kwanza yenyewe inampenda mashoto. Wasichana waliocheza nage tangu wadogo wana mikono na macho ambayo wavulana wengi wa mpira wa miguu hawana, na softiboli ina besi za mita 18.29 zinazowangoja, mwalimu anayekuja kwenye majaribio na wavulana watupu amekuja na nusu ya kijiji. Siku ya kupima, mtoto asirushe kwa nguvu zake zote mara hamsini ili umridhishe mgeni. Ligi ya watoto ya Marekani humzuia mrushaji wa miaka 11 na 12 asizidi mipira 85 kwa siku, kwa sababu mifupa ya kiwiko bado inakua. Kwenye kupima, kumi ya nguvu inatosha.

La umri nalisema mara moja. Wazee wangu, msimpunguzie mtoto miaka. Najua mnadhani mnamsaidia. Namba ya pili yote imejengwa juu ya umri. Ukinidanganya miaka miwili, nimempima mtoto ambaye hayupo, na wako atakuja kudaiwa urefu ambao hatautoa.

Na daftari. Kipimo cha siku moja hakinifai kitu. Naomba kila mwalimu awe na ukurasa mmoja kwa mtoto mmoja, ampime kila baada ya miezi mitatu, kiwanja kile kile, mpira ule ule, aandike na hali: kulinyesha, alikuwa amefunga, alitoka kuchuma karafuu tangu alfajiri. Mtoto aliyeshinda juu ya mkarafuu hana mkono wa kurusha jioni, na siyo kosa lake. Baada ya mwaka utakuwa na namba nne, na hapo ndipo nitakuamini ukiniambia kijana huyu anapanda. Mzee wangu naye hakuanza kukisia siku moja. Alikosea misimu mingi, na kila alipokosea alitaka kujua zilipungua wapi.

Basi tutoke. Saa zimo ndani ya kile kikapu, tatu kwa kila kundi, na chokaa ameshika mwalimu wa Wete. Walioleta makipa wawatangulize. Tutaanza na miguu, mbio za mita 55 tutaziweka mwisho watakapokuwa wamechoka, kwa makusudi. Na wewe mdogo uliyekaa dirishani hapo tangu nilipoanza, unayeirusha ile ndimu juu na kuidaka bila kuitazama, ndiyo, wewe, usigeuke nyuma. Mpe mwenzako ndimu yako, uje.